Jumatano ya Mpiga Kinanda

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mliuliza: "Je, mwenye kipaji cha muziki anayetumikia kanisani alipwe?" Swali hili limenigusa penyewe, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Jibu langu ni hapana, asilipwe. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anataka kila aliyepokea karama aitumie kuwahudumia wenzake, na Bwana mwenyewe aliwaambia mitume kwamba wamepata bure, watoe bure. Mwimbaji wa sauti ya pili halipwi. Msomaji wa somo la kwanza halipwi. Mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) anayefua vitambaa vya altare na kuvipiga pasi Jumamosi jioni halipwi. Kwa nini mpiga kinanda peke yake aitwe sakristiani (chumba anamovalia padri) baada ya Misa kupokea bahasha? Hata Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 230, zinasema mlei (muumini asiye padri wala shemasi) anayepewa rasmi huduma ya usomaji au ya utumishi wa altare hapati kwa hilo haki ya kudai ujira. (Naandika kwa upande wa Wakatoliki wa huku Tanzania. Ndugu zetu Walutheri wa KKKT, Waanglikana na Wamoraviani watapima wenyewe, ingawa matatizo ya kwaya yanafanana.)

Lakini kabla ya fedha kuna jambo linalotangulia, nalo ni kujua tunamtaka mwenye kipaji afanye nini hasa. Watu wengi wanaiona kazi yake Jumapili saa tatu asubuhi, wakidhani ndiyo yote. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 29, unasema watumishi wa altare, wasomaji na wanakwaya wanatimiza huduma ya kweli ya kiliturujia. Basi kwaya si pambo la Misa. Ni sehemu ya Misa yenyewe, na sehemu hiyo ina masharti yake.

Mwalimu wa kwaya anaanza kwa kufungua masomo ya Jumapili inayokuja, na ule wimbo mpya alioupenda redioni unasubiri zamu yake. Zaburi ya wimbo wa katikati ni Neno la Mungu kama lilivyo somo, hivyo haibadilishwi na wimbo wowote mzuri. Utukufu, yaani wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu mbinguni", unaimbwa kwa maneno yake. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma (kitabu cha sala na taratibu za Misa), namba 53, hayaruhusu maneno hayo kubadilishwa na mengine, na namba 366 inakataza kuweka wimbo mwingine mahali pa Mwanakondoo wa Mungu. Wakati wa Kwaresima kinanda kinaruhusiwa kubeba sauti za waimbaji tu, hakipigwi peke yake, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Wimbo wa matoleo unatakiwa uishe padri anapomaliza kunawa mikono. Ukibaki na beti mbili, padri anasimama akisubiri kwaya imalize, na hapo kwaya imejitokeza mbele ya sala.

Haya yote hayafanyiki Jumapili. Yanafanyika Jumatano.

Chukua wimbo mmoja wa sauti nne, beti tatu, Do ni F, yaani do yake iko kwenye nota F ya kinanda. Kwaya ya kawaida ya parokia, ambayo nusu yake inasoma nota za do-re-mi na nusu inafuata sikio, inahitaji mazoezi matatu kuushika. Jumatano kila sauti inafundishwa peke yake, kama dakika ishirini kila moja. Besi, sauti ya nne, wanaanza, maana wengine wote watasimama juu yao. Wanafuata soprano, sauti ya kwanza, wenye wimbo wenyewe, kisha alto, sauti ya pili. Tenori wanakuja mwisho, kwa sababu tenori asiyemsikia soprano mapema atamkimbilia mara tu sauti zitakapounganishwa, akaimba wimbo uleule oktava moja chini huku akiamini anaimba sauti ya tatu. Ijumaa sauti zinaunganishwa mbilimbili, besi na soprano, alto na tenori, ndipo zote nne. Jumamosi ni zamu ya maneno, pumzi na mwendo: wapi kwaya nzima inavuta hewa, wapi mmoja anavuta huku jirani yake akiendelea, silabi gani isikanyagwe.

Mwalimu anayejua kazi yake hatoi Do kwa kubahatisha. Anagonga uma wa sauti, nao unampa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Kwa wimbo wa Do F, hiyo A ni mi. Anaimba mi, re, do, keshaipata. Kwa wimbo wa Do G, A ni re. Kwa Do D ni so, kwa Do C ni la. Ni kifaa cha kuingia mfukoni, hakitaki umeme wala hakibadiliki na hali ya hewa, na inanisikitisha kuona kwaya zenye spika nne kubwa ambazo hazina hata kimoja.

Kwaya isiyoegemea kinanda hushuka, na sehemu za kushukia zinajulikana. Ti inaimbwa chini kidogo inapopanda kwenda do, na mi inayorudiwarudiwa inalegea kila inaporudi. Ukiwasahihisha kwa kupaza sauti wanashuka zaidi, kwa sababu wanakaza koo. Waondolee maneno, waimbe polepole kwa "nu", midomo ikiwa imebana kidogo, mpaka soprano aisikie besi. Hilo haliwezekani kwa simu. Siku hizi wengi wanatumiwa sauti zao kwa WhatsApp wakajifunza ndani ya daladala. Inasaidia kukumbuka njia, lakini haimfundishi mtu kuimba na mwenzake. Anafika Jumapili anaijua sauti yake kuliko wote, asijue kumsikiliza aliye ubavuni mwake.

Sasa nieleze kisa kimoja, maana ndicho ninachokirudia kila ninapoliwaza swali lenu.

Ilikuwa parokia moja ya mjini, usiku wa Mkesha wa Pasaka. Kwaya ya watu wasiofika arobaini, mwalimu wa kujitolea, na mpiga kinanda kijana wa kulipwa, aliyekuwa na kinanda chake mwenyewe kwa sababu cha parokia kilikuwa na vibao vilivyokufa. Malipo yake yalikuwa kwa Misa: amepiga Jumapili, anapewa chake, hakupiga, hapewi. Juma Kuu lile kwaya ilifanya mazoezi Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Yeye hakufika hata siku moja. Alikuwa studio, akirekodia kwaya nyingine, kazi yenye malipo. Alituma ujumbe kwamba wimbo wa Utukufu anaujua, Do ni F, asisubiriwe. Mwalimu akafundisha siku zote tatu kwa uma wa sauti.

Tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu vyombo vilikuwa kimya, na parokia ile iliamua visiguswe kabisa mpaka Utukufu wa Mkesha, ingawa Misale ingeruhusu kinanda kibebe sauti. Usiku ukaenda vizuri. Moto ukabarikiwa nje, mshumaa wa Pasaka ukaingia, "Mwanga wa Kristo" ikaimbwa mara tatu, shemasi akaimba Mbiu ya Pasaka bila kupotea popote. Masomo ya Agano la Kale yakasomwa yote saba. Taa za kanisa zilikuwa bado zimezimwa, zikisubiri Utukufu, kama parokia nyingi zinavyozoea (Misale inaelekeza ziwashwe mapema zaidi, kabla ya Mbiu, lakini hilo ni la siku nyingine).

Padri akaanzisha Utukufu. Kengele zikapigwa, ya mnarani na za watumishi wa altare zote pamoja, taa zikawaka, watu wakapiga vigelegele. Kijana akabonyeza kitufe cha kumbukumbu namba moja, alikohifadhi sauti ya organi, akapiga utangulizi.

Vinanda vya umeme vina kitufe cha kupandisha na kushusha sauti nzima bila mpigaji kubadili vidole. Wapigaji wanakiita transpozi. Vingi ukivizima, transpozi inarudi sifuri. Lakini ukihifadhi mipangilio kwenye kumbukumbu huku transpozi imepandishwa, kitufe kile kitairudisha na namba yake, hata baada ya miezi. Kumbukumbu namba moja aliihifadhi kwa ajili ya mwimbaji mmoja wa arusi aliyetaka wimbo wake upande nusu toni tatu. Pembeni ya kioo, kwa herufi ndogo, iliandikwa +3. Hakuitazama, maana vidole vyake vilikuwa mahali sahihi pa Do F. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa toni moja na nusu juu.

Katikati ya kengele hakuna aliyegundua. Kwaya ikaingia na kinanda, maana mwanadamu aliyezoea spika huifuata spika. "Na amani duniani" ikapita. Soprano walipofika "Tunakusifu, tunakuheshimu", mahali wimbo unapopanda kwenda do ya juu, nusu yao wakanyamaza na nusu wakapiga kelele. Tenori wakaanza kuimba kwa sauti ya puani. Waumini, ambao Utukufu ule walikuwa wameuimba miaka kadhaa, walifungua vinywa, wakajaribu, wakafunga. Kanisa lililojaa mpaka nje likabaki linatazama watu arobaini wakihangaika.

Kosa la kwanza ndilo hilo. La pili lilikuwa baya zaidi. Kijana alipoiona ile +3 akashtuka, akabonyeza kuirudisha sifuri huku anapiga. Sauti ya kinanda ikaanguka katikati ya mstari. Besi, waliokuwa na raha kule juu, wakabaki walikokuwa, alto wakashuka na kinanda, soprano wakagawanyika. Kwa muda wa mistari miwili parokia ilikuwa na Do mbili.

Mwalimu akafanya jambo moja tu. Alifumba ngumi ya mkono wa kushoto na kuielekeza kwenye kinanda, na kinanda kikanyamaza. Hakusimamisha kwaya. Akamtazama mama mmoja wa sauti ya pili, safu ya mbele, mkono wa kulia. Mama yule aliingia "Mwanakondoo wa Mungu" kwa mi yake, peke yake, si kwa nguvu, akaishikilia. Besi wakaisikia, wakashuka mpaka do iliyo chini yake. Soprano wakaikuta so. Do yao mpya haikuwa F kamili, pengine ilikaribia G, lakini ilikuwa moja. Walimaliza Utukufu bila chombo, na kuanzia "Uondoaye dhambi za dunia" waumini walikuwa wameshaingia tena.

Baada ya Waraka kwa Warumi, padri anaimba Aleluya mara tatu, kila mara akipandisha sauti kidogo, na watu wanarudia. Kinanda hakikurudi. Kanisa zima liliijibu Aleluya ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa sauti tupu, na waliokuwa kwenye hema la nje walisikika ndani.

Jumatatu ya Pasaka maneno yakaanza. Wengi walimlaumu kijana. Wakasema ndiyo hasara ya watu wa kulipwa, mchungaji wa mshahara si wa kondoo. Akaachishwa. Nakiri kwamba nilipoanza kuandika barua hii nilitaka kukitumia kisa hiki kama ushahidi wangu kwamba malipo yanaharibu utumishi. Nimekiandika mpaka hapa, nami nakiona kinasema jambo jingine.

Ni nini hasa kiliharibika usiku ule? Kipaji chake kilikuwepo na vidole vilikuwa sahihi. Kama angekuwepo hata Jumatano moja na kinanda chake, ile +3 ingejitokeza kwenye mlio wa kwanza wa kinanda, watu wangecheka, ingefutwa, basi. Hakuwepo Jumatano kwa sababu parokia yenyewe ilimwambia, kwa namna ilivyomlipa, kwamba Jumatano haina thamani. Tulinunua Misa, akatuuzia Misa. Ukimlipa fundi kwa kupiga rangi tu, usishangae ukuta haukupigwa plasta.

Na kwaya ile iliokolewa na nini? Na Jumatatu, Jumanne na Jumatano za uma wa sauti. Yule mama alikuwa na mi kichwani kwa sababu alikuwa ameiimba siku tatu mfululizo bila kinanda.

Ndipo nikaenda kwa Nehemia. Sura ya 13 inaeleza kwamba aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi hawakupewa sehemu zao, na Walawi na waimbaji waliofanya kazi ile wamekimbia kila mtu shambani kwake. Nehemia hakuwahubiria waimbaji juu ya moyo wa kujitolea. Aligombana na wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, kisha akawakusanya Walawi na kuwarudisha mahali pao. Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 9, inasema waimbaji walifunguliwa huduma nyingine kwa sababu walikuwa kazini mchana na usiku. Sura ya 25 inawahesabu mastadi 288, wakipigiwa kura ya zamu, mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi. Hao walikuwa na utaratibu wa kula.

Tena ile kanuni ya 230 niliyoishika kama rungu pale mwanzo ina jirani yake. Kanuni ya 231 inasema walei wanaojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa, ya kudumu au ya muda, wana haki ya ujira unaostahili hali yao ili waweze kujitunza wao na familia zao. Sikuitaja. Mtume Paulo pia, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anaitetea kwa nguvu haki ya mhudumu kula kwa altare kabla ya kusema kwamba yeye binafsi hakuitumia. Kuikataa haki yako mwenyewe ni sadaka, ila ukimkatalia mwenzako haki yake huwezi kuiita sadaka yako.

Hivyo, Mhariri, jibu langu limegeuka mkononi. Mpiga kinanda asilipwe kwa Misa. Alipwe kwa mazoezi. Akifika Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, kwa saa iliyopangwa, na kinanda chake, apewe posho ya siku hizo. Jumapili apige bure kama wengine wanavyoimba bure. Asipofika mazoezini asipige Jumapili, hata kama ndiye bora mjini, na kwaya iimbe kwa uma wa sauti. Kwaya isiyoweza kufanya hivyo ijue ina ugonjwa kabla ya siku ya sikukuu.

Kiasi gani, sitasema, maana parokia hazilingani. Kwa chini kabisa iwe nauli. Mtu anayepanda mabasi mawili kuja na mawili kurudi, siku nne kwa juma, analipa nauli 16. Kwa majuma manne ni nauli 64 ili atumike bure. Fedha zitoke mfuko wa kwaya au fungu lililopitishwa na paroko pamoja na Halmashauri Walei, ziandikwe kwenye daftari, zitolewe mwisho wa mwezi. Zisitolewe mkononi sakristiani bado harufu ya ubani iko hewani. Misa za arusi zina taratibu zake, sizichanganyi hapa. Na kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) chenye sadaka ya kununulia mishumaa tu hakifungwi na maneno yangu.

Kuna sehemu moja ambayo sijaimaliza. Ni yule mama wa sauti ya pili. Jioni ndiyo saa yake ya kukaanga samaki kwenye meza yake kando ya barabara, na Jumatano anaifunika meza saa kumi na moja ili awahi mazoezi. Hasara yake ya jioni ile inazidi nauli ya mpiga kinanda. Nikitetea posho ya kijana, haki inanitaka nianze na ya mama. Nikianza na mama, wapo waimbaji wengine zaidi ya thelathini, na mfuko wa kwaya hautoshi. Ninaloweza kulipendekeza ni dogo: kila kwaya iulize nani anapoteza nini siku ya mazoezi, na muda wa mazoezi uhamishwe kabla ya kuzungumzia fedha. Katika parokia ile mazoezi yangeweza kuwa saa tisa badala ya kumi na moja, mama akarudi mezani kwake kabla ya wateja wa jioni. Sijui kama walimu wa shule walio kwenye sauti ya nne watawahi.